Airisi za Baba Mdogo: Niliyojifunza Kuhusu Kuandikisha Ua Jipya

Fomu ya kuandikisha airisi mpya ina nafasi ya jina la mzalishaji, kisha ina nafasi ya jina la anayeandikisha. Mara nyingi huwa ni mtu mmoja. Kwetu ni wawili: aliyezizalisha ni baba yangu mdogo, ambaye ametutoka, na anayeandikisha ni mimi, mwenye kitalu cha maua hapa Moshi. Wenzangu wa vitalu, wa hapa na wa Arusha, wamekuwa wakiniuliza ua linapataje jina linalotambulika duniani, nani anatajwa kuwa mwenye kazi, na kwa nini nahangaika hivyo kwa maua ambayo ningeweza kuyauza tu kwenye viriba kama ninavyouza mawaridi. Nimeona niandike kwa kirefu, maana jambo hili halielezeki vizuri mteja akiwa amesimama na pesa mkononi.

Kwanza tujue tunazungumzia mmea gani, kwa sababu hapa kwetu maua mengi yanauzwa kwa jina la airisi. Zile nyeupe zilizopangwa kandokando ya njia za hoteli nyingi ni Dietes, na mojawapo, Dietes iridioides, inaota yenyewe kwenye misitu ya milimani ya Afrika Mashariki. Ni ndugu wa mbali tu. Zile za mashada zinazoota kutoka kwenye kitunguu ni airisi za Kiholanzi, na usajili wake unashughulikiwa na chama cha KAVB kule Uholanzi. Za Baba Mdogo ni airisi zenye ndevu, ambazo kiazi chake kinatambaa juu ya udongo kama tangawizi. Hizi, pamoja na airisi nyingine zisizotoka kwenye kitunguu, zina msajili mmoja kwa dunia nzima: American Iris Society, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1920.

Niliulizwa kwenye kikao cha familia kwa nini Marekani. Jibu ni kwamba tangu mwaka 1955 upo utaratibu wa kimataifa ambapo kila kundi la mimea ya bustani hukabidhiwa msajili mmoja, ili jina moja lisitumike kwa mimea miwili na mmea mmoja usiwe na majina matatu. Okidi na dalia zinaandikishwa na Royal Horticultural Society ya Uingereza. Hata ule mmea wa dirishani, urujuani wa Afrika (African violet), ambao asili yake ni milima ya Usambara hapahapa Tanzania, msajili wake yuko Marekani, na kwa zaidi ya karne moja uliitwa Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyetuma mimea hiyo kwao. Nililitaja hilo kikaoni kwa makusudi. Mmea unaweza kutoka mikononi mwetu na ukaenda ulimwenguni ukiwa na jina la mtu mwingine, na mimi sikutaka hilo litokee kwa kazi ya Baba Mdogo.

Baba Mdogo alikuwa mtunza bustani Shanty Town, mtaa wa hapa Moshi, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwajiri wake wa mwisho alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia tuta zima la airisi zenye ndevu pamoja na karatasi ya majina yake. Mojawapo ilikuwa 'Immortality', nyeupe, ya mzalishaji Lloyd Zurbrigg, iliyoandikishwa mwaka 1982, inayosifika kwa kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hilo lilikuwa na maana kubwa kwake, kwa sababu airisi nyingi zenye ndevu zinahitaji baridi ya miezi kadhaa ndipo zitoe ua, na baridi ya kiwango hicho hatuna. Alizipeleka Machame, kihambani, yaani kwenye shamba la familia, akazipanda mahali pa wazi nje ya kivuli cha migomba, kwenye matuta ya juu yaliyochanganywa na changarawe, akayazungushia masale.

Masika ndiyo adui. Mvua ya Aprili ikituama kwenye shingo ya kiazi, kinalainika, kinatoa harufu mbaya, na ugonjwa unahamia kwa jirani yake. Kwa hiyo kabla hajatazama rangi, Baba Mdogo alitazama kwanza ni mche gani umevuka masika kiazi kikiwa bado kigumu. Mimi naamini hapo ndipo thamani ya kazi yake ilipo. Wengi wanazalisha kwa ajili ya picha. Yeye alitaka ua litakaloishi kwenye udongo wa Machame bila kubembelezwa.

Uchavushaji aliufanya asubuhi, umande ukishakauka. Ua la airisi lina petali tatu zinazosimama na tatu zinazoning'inia, na kila inayoning'inia ina mstari wa ndevu mgongoni. Ukichungulia katikati unaona vipande vitatu vilivyojipinda kuelekea nje, na chini ya kila kimoja imejificha stameni moja, sehemu ya kiume yenye chavua. Karibu na ncha ya kipande hicho, upande wa chini, kuna kidomo chembamba kuliko ukucha. Hicho ndicho kinachopokea chavua. Baba Mdogo aling'oa stameni ya ua alilolichagua kuwa baba siku hiyo kwa kibano cha nyusi alichoazima kwa Mama Mdogo, akaipitisha polepole juu ya kidomo cha ua alilolichagua kuwa mama, mpaka unga ubaki pale unaonekana kwa macho. Kisha akazikata petali zinazoning'inia ili nyuki akose pa kutua. Halafu lebo: mama kwanza, alama ya kuzidisha, kisha baba, na tarehe. Lebo alizikata kwenye madumu ya mafuta ya kupikia na kuandika kwa penseli, kwa sababu wino wa maka pen hufifia juani na penseli hudumu.

Tumba la mbegu huchukua kama miezi miwili kukomaa. Ndani ya mbegu za airisi kuna kemikali inayozizuia kuota mapema, na wazalishaji huko nje huzilowesha siku nyingi wakibadilisha maji, kisha huziweka kwenye baridi. Baba Mdogo alizitia kwenye kipande cha soksi ndefu ya nailoni, akakifunga kwenye mzizi pembeni ya mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita juu ya nyumba, maji ya mlimani yakawa yanazipitia usiku na mchana. Zamu ya maji ikihamia kwa jirani, alizihamishia kwenye ndoo. Baada ya hapo zilishuka mjini kukaa kwenye friji ya binti yake, ndani ya kopo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba si chakula. Tangu mbegu hadi ua la kwanza ni kama miaka miwili au mitatu, na mzalishaji makini haamini ua la kwanza. Anataka aone mche huo ukichanua misimu kadhaa, ukizaa viazi vingine, ukivumilia mvua.

Kila mche wa mbegu ni kitu kipya. Watoto wa tumba moja hawafanani, na pia ukipanda mbegu za 'Immortality' hupati 'Immortality'. Ukitaka ileile lazima ugawe kiazi. Kwa hiyo mche unaobakizwa unapewa namba kabla ya kupewa jina, na namba hiyo hubaki nayo maisha yake yote. Utaratibu wa kawaida ni mwaka, namba ya mchanganyo, halafu herufi ya mche. Kwenye daftari la Baba Mdogo kuna 11-4-C, ndiyo hii tunayoiandikisha, maana yake mchanganyo wa nne wa mwaka 2011, mche wa tatu. Miche mingi haikufika kwenye herufi. Aliing'oa na kuitupa kwenye shimo la mboji, na Mama Mdogo anasema alikuwa haoni huruma hata kama ua ni zuri, mradi kiazi ni kilegevu.

Daftari hilo ndilo lililowezesha yote haya. Fomu inauliza wazazi, na ukiwa huwajui inaruhusiwa kuandika kwamba hawajulikani. Ua litaandikishwa tu. Lakini ukoo utakuwa umekatika hapo. Kuna airisi nyeupe inaitwa 'Snow Flurry', ya mama mmoja wa California, Clara Rees, ya mwaka 1939. Wazazi wake waliandikwa: 'Purissima' na 'Thais'. Ua hilo likaja kuwa mzazi wa airisi nyingi mno, na leo mtu akichukua airisi ya kisasa na kufuata kumbukumbu nyuma, kizazi baada ya kizazi, mara nyingi anafika kwa mama huyo. Hakuwa na kampuni kubwa. Alikuwa na kumbukumbu iliyoandikwa sawasawa, mama akitangulia na baba akifuata. Ukigeuza mpangilio huo umedanganya, hata kama hukukusudia.

Mengine yanayoulizwa kwenye fomu ni ya kupima na kutazama. Urefu wa bua, kwa sababu ndio unaoingiza ua kwenye kundi lake: airisi ndefu zenye ndevu ni zile zinazofika sentimita 70 na kuendelea, na zipo fupi za makundi kadhaa mpaka zile zisizozidi sentimita 20. Msimu wa kuchanua, na kama inarudia. Rangi ya petali zinazosimama, ya zinazoning'inia, ya vile vipande vya katikati, ya ndevu. Kama ina mawimbi pembeni. Kama inanukia. Ushauri wangu ni kuandika rangi ukiwa umesimama mbele ya ua, asubuhi, si kutoka kwenye picha ya simu. Zambarau ya 11-4-C kwenye simu yangu inageuka bluu kabisa.

Jina ndilo lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote, na nitakaa hapo kidogo. Haliruhusiwi kuwa refu kupita herufi 30 wala silabi kumi. Haliruhusiwi kuwa la Kilatini. Kanuni za kimataifa zilifunga mlango huo kuanzia 1 Januari 1959, ili jina la ua la bustani lisichanganywe na majina ya wataalamu wa mimea. Halitakiwi kujisifu kupita kiasi, wala kufanana na jina lililopo mpaka watu wachanganyikiwe. Jina lililokwisha kutumika kwa airisi iliyoingizwa sokoni halirudiwi, hata kama ua lenyewe halionekani tena. Na ukitaka jina la mtu aliye hai, lazima atoe idhini kwa maandishi.

Kila mtu alikuja na lake. Vijana walitaka Kilimanjaro, nikawaambia tutafute kwanza, maana mlima wetu umependwa na wengi. Shangazi alitaka jina la ubatizo la marehemu. Mjukuu mmoja alitaka jina lake mwenyewe, na nikamweleza kuhusu idhini ya maandishi, akasema yuko tayari kusaini. Mama Mdogo alinyamaza muda mrefu, halafu akasema liitwe Mfongo, kwa kuwa bila yale maji hakuna mbegu iliyoota. Hakuna aliyebisha. Ndilo jina tuliloliandika kwenye fomu, katika Kiswahili chetu cha huku mlimani, na likikubaliwa litabaki hivyohivyo popote ua litakapouzwa. Mwenye duka wa Marekani au wa Ufaransa hana ruhusa ya kulibadilisha limfae yeye.

Kulikuwa na mjadala mwingine mgumu zaidi. Ndugu zangu wawili, kwa nia njema kabisa, walisema niweke jina langu kwenye nafasi ya mzalishaji. Hoja yao: mimi ndiye niliyehangaika na barua, mimi ndiye niliyeokoa viazi masika yaliyofuata msiba, mimi nina kitalu na jina langu lingeleta wateja. Walisema Meku, yaani mzee wetu, amekwishapumzika, hahitaji sifa.

Nilikataa, na nilieleza kwa mfano wa watu wawili wa California. William Mohr alikuwa mzalishaji wa airisi hodari. Alifariki akiwa ameacha miche ambayo haijachaguliwa wala kupewa majina. Rafiki yake Sydney Mitchell, mwalimu wa ukutubi, aliichukua, akaitunza, akaichagua, akaitoa. Mitchell angeweza kunyamaza. Lakini airisi zile zimeandikwa kwa majina yote mawili, Mohr-Mitchell, na mojawapo, 'San Francisco', ndiyo iliyopata Medali ya Dykes ya kwanza kutolewa Marekani, mwaka 1927. Hiyo ndiyo tuzo kubwa kuliko zote kwenye airisi. Na ile 'Purissima' niliyoitaja, mama yake 'Snow Flurry', ni ya Mohr-Mitchell pia. Karibu miaka mia imepita na Mohr bado anatajwa kila mtu anapofuata ukoo wa airisi nyeupe.

Siku hizi utaratibu uko wazi zaidi. Mzalishaji ni yule aliyefanya mchanganyo. Mtu mwingine akiandikisha kwa niaba yake, jina la mzalishaji linatangulia na la mwandikishaji linafuata. Kama mzalishaji amefariki, warithi wake wanatoa ridhaa. Kwa hiyo tulikaa, Mama Mdogo na watoto wake wote wakasaini barua, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia, na mimi nikaandika jina la Baba Mdogo mahali pake na langu mahali pangu. Yule ndugu aliyebisha zaidi ndiye aliyeshika barua na kuisoma kwa sauti.

Nilipokuwa nafuatilia haya nilianza kuyatazama tofauti hata majina tuliyoyazoea. Maharage ya Lyamungo 85 na Lyamungo 90 yanajulikana kila soko la huku. Yamebeba jina la kituo cha utafiti kilichopo hapo juu ya Moshi na mwaka. Selian 97 imebeba jina la kituo cha Arusha, nao mwaka. Mtindo huo una heshima yake, kwa sababu mbegu ya utafiti wa serikali ni kazi ya watu wengi kwa fedha ya umma. Lakini mkulima anayekula Lyamungo hawezi kumtaja hata mmoja wa waliokaa shambani wakihesabu maganda. Utaratibu wa airisi, pamoja na kwamba ni wa maua tu, unamtaja mtu, na mimi naupenda kwa hilo.

Sasa nifike pale ambapo wenzangu wengi hukosea. Kuandikisha na kuingiza sokoni ni hatua mbili. Ukiandikisha, jina limewekwa kwenye kumbukumbu na unapata cheti. Ua linaweza kukaa hapo miaka bila kuuzwa. Kuingiza sokoni ni pale unapolitolea umma kwa kuliuza: katalogi, orodha ya bei iliyochapishwa, au tangazo, na iwe na tarehe au angalau mwaka. Unampelekea msajili nakala, naye anaandika nani ameliingiza na mwaka gani. Anayeingiza anaweza kuwa mtu wa tatu kabisa, mwenye duka. Ndiyo maana ukisoma kumbukumbu za airisi moja unaweza kukuta mzalishaji, mwandikishaji na mwenye duka, kila mmoja kwa kazi yake. Na ua ambalo halijaingizwa sokoni haliwezi kupigiwa kura ya tuzo kubwa, hata likiwa zuri namna gani.

Mpangilio huo una sababu. Airisi moja hutoa viazi vichache kwa mwaka. Ukitangaza kabla ya kuwa na viazi vya kutosha, utauza mpaka ubaki huna, na mwaka ukija na mvua mbaya, ua limetoweka likiwa na jina. Wazalishaji wengi huzidisha kwanza. Wengine huwapelekea watunzaji wanaowaamini katika maeneo mengine kiazi kimoja kimoja kwa majaribio, kwa makubaliano kwamba mpokeaji haruhusiwi kukigawa, kukiuza wala kukichavushia mpaka ua litoke rasmi. Makubaliano hayo ni ya uaminifu tu, na kwa sehemu kubwa yanaheshimiwa.

Baba Mdogo hakuwa na mkataba na mtu. Alikuwa mkarimu. Mgeni akisifia ua, alirudi na kiazi kwenye gazeti. Bustani moja ya biashara upande wa Arusha ilichukua viazi kwake namna hiyo, ikavizidisha, ikaanza kuviuza kwa jina la kubuni, ikiwaambia wateja ni aina yao wenyewe. Aliliona ua lake kwenye sherehe ya harusi, mezani, akalitambua kwa ndevu zake za rangi ya shaba na kwa namna bua linavyopinda kushoto kidogo. Alirudi nyumbani akasema tu, "Limefika mbali." Mimi niliumia zaidi yake. Nilimwendea mwenye bustani, tukazungumza kwa adabu, akaniuliza nina karatasi gani inayoonyesha ua ni la nani. Sikuwa nayo.

Niseme wazi hapa, maana wengi hutarajia kingine: usajili wa jina hautoi hakimiliki. Mtu akinunua kwako kiazi cha airisi iliyoandikishwa, anaweza kukizidisha na kukiuza. Anachotakiwa ni kutumia jina lake sahihi. Pesa ya mzalishaji iko kwenye miaka michache ya mwanzo, wakati ua ni adimu na bei iko juu. Huko Marekani airisi mpya inaweza kuuzwa makumi ya dola kwa kiazi kimoja, halafu inashuka kadiri inavyoenea. Anayetaka ulinzi wa kisheria ana njia nyingine. Tanzania ina Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea ya mwaka 2012, na tangu Novemba 2015 ni mwanachama wa UPOV, umoja wa kimataifa unaosimamia haki hizo. Huko aina inapimwa kama ni tofauti na zilizopo, kama inafanana yenyewe kwa yenyewe, kama haibadiliki ikizidishwa, na kama ni mpya sokoni. Ukiwa umeiuza hapa nchini kwa hiari yako zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, upya wake umekwisha. Ukikubaliwa unalindwa miaka 20, na kwa miti na mizabibu 25. Kwa mwenye shamba la waridi la kuuza Ulaya, njia hiyo inafaa sana. Kwa kihamba chetu chenye airisi, gharama ya majaribio ingekula kila senti, na lengo letu lilikuwa kumbukumbu.

Kwa hiyo ile bustani ya Arusha ingeweza kuendelea kuuza hata kama ua lingekuwa limeandikishwa. Tofauti ni kwamba ningekuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye bustani: jina, namba, wazazi, mwaka, mtu. Na mteja yeyote mwenye simu angeweza kutafuta mwenyewe na kuona.

Fomu imekwenda. Tunasubiri msajili aseme kama Mfongo inakubalika au turudi kikaoni. Wakati huo nazidisha 11-4-C kwenye matuta mawili, moja Machame na moja huku chini, ili nione joto la mjini linaifanyaje. Tumekubaliana na Mama Mdogo kwamba haitauzwa hata kiazi kimoja kabla ya cheti, na kwamba ikianza kuuzwa, nusu ya bei inapanda mlimani. Kama atatokea mnunuzi wa nje, viazi vitaoshwa udongo wote na kupita kwenye ukaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako Arusha, ili viondoke na cheti cha afya ya mimea.

Liko jambo moja bado halijaisha, na ndilo linalonifanya niombe msaada wenu. Daftari lina michanganyo mingine ambayo miche yake haipo tena kihambani: 09-2-A, ya manjano yenye ndevu nyeupe, na 13-1-B, ambayo Baba Mdogo ameiandika "nyeupe, harufu ya karafuu, usimpe mtu", halafu inaonekana alimpa mtu. Kama uko Arusha, Usa River, Tengeru, Marangu, Kibosho, popote, na bustanini mwako kuna airisi yenye ndevu iliyotoka kwa mzee wa Machame ikiwa imefungwa kwenye gazeti, tafadhali piga picha ikichanua, pima bua, njoo nayo kitaluni tulinganishe na daftari. Kiazi ni chako, Baba Mdogo alikupa. Nitakuandikia lebo yenye namba na wazazi wake, na kama ndiyo yenyewe, jina lako litaingia kwenye daftari kuwa wewe ndiye uliyeitunza.